Katekista na Mkono wa Mtoto

Katekista hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Nimemwona akimkaripia mbwa mkubwa wa jirani kwa Kirundi mpaka mbwa akakaa chini. Nimemwona akiendesha baiskeli pembezoni mwa barabara za Haltom City ambako hata sisi wenye magari tunashika usukani kwa mikono miwili. Kazini kwake, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, meneja alimpigia kelele siku moja kwa ajili ya mashuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Yes, no problem," akarudi kukunja. Hicho ndicho kilichokuwa Kiingereza chake chote na alikitumia kila mahali, mpaka kwa daktari wa meno, ambaye kwa ruhusa hiyo alimng'oa jino.

Ndiyo maana nilishtuka siku niliyomwona akiikimbia picha.

Jina lake ninalijua, lakini sikumbuki mtu yeyote akimwita kwa hilo. Alikuwa Katekista tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na alipoletwa Texas cheo kikaja naye. Waburundi walimwita hivyo, sisi Watanzania tulimwita hivyo, hata mwenye kuuza mihogo pale dukani, Mvietnamu, alimwita "Kate." Mimi nilikuwa jirani yake, ghorofa ya pili jengo la mkabala, nafanya kazi ya kuandika bili kwenye kliniki. Binti yangu Neema alikuwa na miaka tisa mwaka 2017 nilipompeleka kwake kwa mafundisho ya komunyo ya kwanza. Nilimpeleka nikiwa na shaka, kwa sababu mtoto anajibu kila kitu kwa Kiingereza na mzee hajui Kiingereza. Waliwezana vipi sijui mpaka leo. Yeye aliuliza kwa Kiswahili, watoto wakajibu kwa Kiingereza, akawaambia wamekosea, na kweli walikuwa wamekosea.

Sebule yake ilikuwa na zulia, viti viwili vya plastiki, na kila kitu kingine kimekunjwa. Alikunja taulo, magazeti ya matangazo, mifuko ya dukani, hata risiti. Kazi ya hoteli ilikuwa imemwingia mikononi. Shuka kubwa la kitanda cha watu wawili alilikunja peke yake, kidevu kikishika upande mmoja, na pembe zote nne zikakutana bila kubishana. Wenzake walikunja wawili wawili. Padri alimpa vitambaa vyote vya altare avipige pasi, na mama mmoja aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alinuna miezi miwili.

Alipenda maharage ya mawese. Ya Texas, yale yenye sukari, aliyaita dhambi, na hakuwa anatania. Alipenda mieleka ya kwenye televisheni na aliamini kila ngumi. Neema alimwambia, "It's fake, Katekista." Akamjibu kwamba mtu hawezi kuanguka vile kwa kujifanya. Walibishana Jumamosi tatu. Mtu mkali kiasi kile wa amri kumi, mwenye kutuambia hata uongo mdogo unakwenda kwenye maungamo, alikuwa akikaa kwenye ukingo wa kiti chake cha plastiki akimpigia kelele mwamuzi amgeukie yule anayedanganya nyuma yake.

Ukienda kwake na ugomvi alikuwa na neno moja: "Anza na maji." Mume na mke wamekuja wanatukanana, anawapa kila mmoja glasi ya maji, wanywe yote kabla hawajasema. Mimi nilimfuata siku moja nikiwa natetemeka kwa hasira na msimamizi wangu wa kazini. Nilikunywa glasi mbili. Nilipomaliza ya pili nilikuwa nimesahau nusu ya matusi niliyoyaandaa.

Neno lake la pili lilikuwa la watoto. Wakimuuliza swali gumu alisema, "Liandike, nitajibu Jumamosi." Na Jumamosi alijibu. Alipiga simu kwa mapadri, alisoma mpaka macho yanamwuma, lakini jibu lilikuja. Kwa nini Mungu aliumba mbu, lilikuja. Kama mbwa wanakwenda mbinguni, lilikuja, na halikuwafurahisha. Swali moja tu halikujibiwa, na aliliuliza mwanangu.

Niseme kwanza habari ya kalenda. Ukutani, juu ya zulia la watoto, alikuwa amebandika ukurasa wa kalenda ya wamisionari ndani ya karatasi ya plastiki. Alifundishia ukurasa huo kambini miaka kumi na kitu, mbele ya mamia ya watoto, na alisafiri nao mpaka Amerika akiwa ameuweka kifuani ndani ya shati. Ni Bikira Maria amekaa chini, amempakata Mtoto Yesu, punda amesimama nyuma, malaika wanene wawili wanaelea. Mtoto amenyoosha mkono kwenda kulia. Na kulia hapakuwa na kitu. Palikuwa na tundu refu, limekatwa kuanzia juu mpaka chini.

"Panya wa Kigoma," alisema nilipomuuliza.

Nilitazama lile tundu. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kabisa. Nikamwambia, "Katekista, panya wenu walikuwa na rula?" Hakucheka. Nami mdomo wangu hauna breki lakini siku hiyo ulipata.

Watoto aliwafundisha hivi: "Mtoto Yesu anamnyooshea nani mkono?" Wao wanaitika: "Mimi!" Kila mmoja alikuja kwa zamu kusimama palipokuwa na tundu, mkono wa Mtoto ukimwelekea yeye. Walikipenda kile kitendo. Neema alikuwa akinionyesha nyumbani, anasimama pembeni ya friji na kufumba macho.

Sasa, mwaka ule ule 2017, akina mama wa jumuiya yetu walipanga kuwapeleka watoto kwenye jumba la makumbusho ya sanaa pale Fort Worth, kwa kuwa kuingia ni bure. Katekista alikuwa mbele, amewapanga watoto mstari mmoja, mikono nyuma, msiguse. Tulipita vyumba viwili vya mabwana wenye mawigi. Tukaingia cha tatu, na pale ukutani, kubwa kuliko mlango wa nyumba, ilikuwa kalenda ya Katekista.

Ilikuwa picha yenyewe, ile ambayo kalenda iliichukua. Ni ya Mfaransa wa miaka mia mbili na ushee iliyopita, wa enzi zile walizopenda waridi na utepe na mawingu laini. Inaonyesha Familia Takatifu imepumzika njiani, wakati wanakimbilia Misri. Nitasema ukweli, mimi ilinichekesha kwanza. Maria amevuka jangwa na nywele zake bado ziko saluni. Mashavu ya pinki, kitambaa cha buluu hakina hata vumbi. Mama mmoja wa Kirundi aliyetembea siku tisa na mimba kufika mpakani aliitazama akasema, "Hawa hawajakimbia." Tukacheka wote mpaka mlinzi akatugeukia.

Halafu Neema akasema, kwa sauti ya kanisani, "Mom. He's reaching for his dad."

Na ndivyo ilivyokuwa. Palipokuwa na tundu la panya palikuwa na Yosefu. Amepiga goti moja, mzee kidogo, nusu ya uso kwenye kivuli, ameshika matunda mekundu mawili kwenye kikonyo, anamchezea mtoto. Mkono wa mtoto unakwenda kwenye yale matunda na kwenye ule uso. Maria hatutazami sisi wala hamtazami mtoto, anamtazama mume wake, na anatabasamu mtu anavyotabasamu akiwa amechoka lakini wote wamefika. Mahali pote pa ile picha, na utepe wake wote na upuuzi wake wote, pamejengwa kumzunguka yule mzee wa pembeni.

Nikageuka nimwite Katekista aone. Hayupo. Nilimkuta nje, kwenye benchi, juani, kofia mkononi. Rangi ya uso wake ilikuwa imemtoka. Nilidhani ni sukari, nikaanza kutafuta pipi kwenye mkoba.

"Sijui kama uliiona," nikamwambia. "Ile ndiyo kalenda yako. Nzima."

"Nimeiona, Mama Neema."

"Sasa mbona umekimbia?"

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuwahi kuangaliwa naye. "Nani amesema nimekimbia?" aliuliza, karibu kwa ukali.

Jumamosi iliyofuata Neema alimuuliza kwa nini hakuwaambia habari za Yosefu. Akamwambia aliandike swali. Akaliandika. Jumamosi ikaja, nyingine ikaja. Ukurasa wa kalenda ukatoka ukutani. Neema aliuliza tena mara mbili, kisha akaacha, akasema nyumbani, "He doesn't know." Nilimwambia mzee amechoka. Lakini baada ya hapo nilianza kuona nisiyoyaona awali. Machi kumi na tisa, sikukuu ya Yosefu, kila mwaka alichukua overtime. Kwenye litania, jina hilo likifika, alikohoa.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilichekesha jengo zima, nami nilicheka pia na leo naona haya. Kwetu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi king'ora cha tufani kinajaribiwa mchana. Kinalia dakika moja, kila mtu anajua, watu wanaendelea kula. Kiangazi cha 2018 kililia watoto wakiwa kwake, na yeye ndiyo kwanza anafundisha Jumatano kwa kuwa shule zimefungwa. Katekista aliruka. Alitoka mlangoni, akashuka ngazi, akavuka maegesho, akafika uzio wa nyuma, viatu vyake vimefungwa kamba mara mbili kama kawaida yake, maana hakuwahi kuvaa ndala hata ndani. Watoto wanane walibaki kwenye zulia wakitazamana. Aliporudi alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimeshafika, nacheka.

"Ni test tu, Katekista! Wana-test kila mwezi!"

"Niliwaacha," alisema. "Mama Neema, niliwaacha humo ndani."

"Hawajaumia. Tazama, wanakula chips."

Alifunga darasa wiki mbili. Watoto walimwigiza maegeshoni, mmoja analia king'ora, wengine wanakimbia.

Kuhusu mke, wote tulijua Katekista alikuwa mjane. Vita viliwatenganisha, akabaki peke yake, mtoto naye akaenda na mama yake. Alisema neno moja tu, "tulipotezana," na hakuna aliyechimba, kwa sababu katika jumuiya yetu kila mtu ana la kwake lisilochimbwa. Mimi nilijaribu kumtafutia mtu. Kulikuwa na mama mmoja mjane kule DeSoto, Mtanzania mwenzangu, mpole, mpishi. Niliwaalika wote kwa chai. Katekista alikula maandazi manne, akamshukuru kwa heshima, na yule mama alipoondoka akaniambia, "Usirudie. Nina mke."

Nikamwambia, "Katekista, mke unamwombea misa ya wafu kila mwezi!"

"Ndiyo. Na ninaye."

Hiyo misa ya wafu ndiyo iliyoleta yote. Misa yetu ya Kiswahili ilikuwa mara moja kwa mwezi, na kabla haijaanza watu waliandika majina ya marehemu wao kwenye vikaratasi, wakavitia kwenye kikapu cha ukili. Msomaji wa majina nilikuwa mimi. Nilisoma miaka mitatu. Wengi waliandika "Babu" au "Mama yetu mpenzi" na basi. Cha Katekista kilikunjwa mara nne, pembe kwa pembe, na kilisema maneno yale yale kila mwezi: "Languide na mtoto wake Goreth, wa kilima cha Rubavya, waliobaki njiani."

Nilimtania. "Marehemu wa wengine hawana kilima. Wako wana anwani kamili."

"Mungu ana Magoreth wengi," alisema. "Sitaki akosee."

Basi nikasoma. Kwa sauti yangu mwenyewe, kila mwezi, nilimwombea Goreth wa kilima cha Rubavya apewe raha ya milele.

Ikaja 2020, kanisa likafungwa, misa ikahamia kwenye simu. Padri alikuwa sebuleni kwake, mimi jikoni kwangu nimeegemeza simu kwenye kopo la unga, majina nimeletewa kwa meseji. Katekista hakujua kuandika meseji. Cha kwake alikipitisha chini ya mlango wangu, kimekunjwa mara nne. Tuliona watu wa kila mahali wanaingia kutazama, wa Garland, wa Houston, mpaka Kanada, maana Kiswahili cha misa wengi walikikosa. Jumapili moja ya mwezi Mei nilisoma majina, nikafika kwa Languide na Goreth, nikaendelea. Chini ya video maneno ya watu yalikuwa yanapanda, amina, amina, mikono ya kusali. Kisha likapanda hili:

"Goreth wa Rubavya mutoto wa Languide ni miye. Niko muzima. Niko Houston. Nani anasema nimekufa?"

Nilinyamaza katikati ya jina la mtu. Padri alinisubiri, akasema, "Mama Neema, ume-mute?" Sikuwa nime-mute. Sikuwa na sauti. Nimesoma majina ya wafu miaka mitatu na mmoja wao alikuwa ananijibu, kwa hasira, na ana haki.

Nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, anafanya kazi ya kutunza wazee. Mama yake alikimbilia upande wa Kongo, akiwa naye mgongoni, kisha Uganda, kambini, na huko ndiko mama alikofia. Yeye aliletwa Houston. Nikamuuliza lini. Akataja mwaka ule ule niliompeleka Neema darasani. Miaka mitatu, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari. Jina la baba alilolitaja lilikuwa lile ambalo hakuna aliyewahi kumwita nalo Katekista.

Nilivuka maegesho karibu nikimbie. Nilisimama chini na barakoa yangu, yeye juu kwenye ngazi na ya kwake.

"Shikamoo. Katekista, anza na maji."

"Kuna nini?"

"Anza na maji!"

Akaingia, akatoka na glasi, akashusha barakoa, akanywa yote akinitazama. Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kwa kilio, kwa kuanguka, kwa vigelegele vya majirani. Aliinama, akaiweka glasi chini taratibu sana. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Siku tatu hakufungua wala kupokea simu. Nilikasirika, nisifiche. Mtu amepewa mtoto wake kutoka kwa wafu, na anajifungia? Goreth alinipigia kila jioni akitoka kazini. "Amesema nini?" Nilimdanganya kwamba anaumwa kidogo. Siku ya nne simu yangu ililia nikiwa kazini, alikuwa Katekista, na hakusalimia.

"Miaka yote hii nimemwombea apumzike," alisema. "Sasa hapumziki. Atakuja ataniuliza."

"Atakuuliza nini, Katekista?"

Akanieleza. Sikuweza kumkatiza, na mimi ninakatiza watu. Walikuwa wamejificha kwenye migomba, yeye, mke, na mtoto wa miezi minane. Akamwambia mke, nakwenda kuangalia njia, narudi. "Njia niliiona," alisema. "Ilikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Nikasikia bunduki nyuma, upande wao. Miguu ikaenda, Mama Neema. Haikurudi, ilikwenda. Nilisimama Tanzania." Kambini mtu mmoja alimwambia Rubavya yote iliteketea, wote wamekwisha, naye hakuuliza mara ya pili. Kusema kweli, alisema, alishukuru kutouliza. Mwaka huo wamisionari waligawa kalenda. Akapewa ile picha afundishie, Familia Takatifu inakimbia, baba yupo. Aliukunja ukurasa vizuri, akamkata Yosefu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kazini, bili za watu zimefunguka mbele yangu, na nilishtuka kuliko nilivyoshtuka ile Jumapili. Mtu niliyemkabidhi mwanangu. Nilimchukia kwa dakika kama tano, nasema wazi. Kisha nikakumbuka king'ora, na watoto wakiigiza, na mimi nacheka.

"Mwambie aje," alisema. "Lakini si nyumbani. Aje kule kwenye picha."

Jumba lilifunguliwa tena kiangazi, watu wachache, kwa saa maalumu. Goreth aliendesha kutoka Houston asubuhi. Mimi nilimpeleka Katekista. Alivaa koti la Pasaka, na njiani alikunja tu ile tiketi ya bure niliyomchapishia, akaikunjua, akaikunja.

Goreth alikuwa ameshafika. Msichana mrefu, sare ya kazi bado mwilini, amesimama mbele ya ile picha na mgongo kwetu. Hata kwa nyuma nilimjua, alisimama anavyosimama Katekista, uzito mguu mmoja. Hawakukumbatiana. Sakafuni kulikuwa na alama za kusimama mbali mbali, na kila mmoja alisimama kwenye yake. Nilitaka kuondoka, Katekista akanishika mkono wa koti nisiondoke.

Goreth hakumtazama yeye, alitazama picha. "Huyu mutu wa hapa pembeni," aliuliza, "ni nani?"

Lilikuwa swali la Neema. Mzee aliyejua mbu waliumbwa kwa nini alisimama pale na barakoa ikiingia na kutoka. Kisha akatoa pochi, akatoa green card, na nyuma ya ile kadi, ndani ya plastiki, akatoa kikaratasi kirefu, kimefifia karibu kuwa cheupe. Magoti yalionekana, na matunda mawili. Alikiweka sakafuni katikati yao, kati ya zile alama mbili, akarudi nyuma hatua moja.

"Ni baba," alisema. "Yeye hakuwaacha. Mimi nilimkata. Goreth, niliwaambia nakwenda kuangalia njia. Njia niliiona. Ilikuwa wazi. Sikurudi."

Msichana aliinama, akakiokota, akakiinua mbele ya macho, akalinganisha na ule ukuta.

"Mama alikuwa ananiambia hivyo hivyo," alisema. "Kwamba ulienda kuangalia njia. Kila mwaka Novemba padri wa kambi anamwambia, Languide, andika jina la bwana yako tumuombee na wafu. Alikataa. Mpaka mwaka aliokufa alikataa. Alisema hauwezi kuombea mutu apumzike na bado anatembea anakuja."

Katekista akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, kwenye sakafu ile ya mbao, na koti lake la Pasaka, mikono juu ya viatu vyake vilivyofungwa mara mbili, akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Mimi barakoa yangu ilikuwa imelowa yote. Mlinzi alitusogelea hatua mbili, akasimama, akaangalia pembeni.

Goreth alibaki amesimama juu yake. Nilimwona anataka kunyoosha mkono, kisha hakunyoosha. Alikitia kile kikaratasi kwenye mfuko wa sare, akaufunga zipu.

"Hii nitakaa nayo miye," alisema. "Sijue mpaka lini. Simama, Baba. Gari nime-park kwa saa mbili tu, na humu ndani nimeshapotea. Uko unajua njia ya kutokea?"

"Naijua," alisema.

"Basi enda mbele."

Aliinuka mwenyewe, kwa taabu, akishika ukuta mbali na picha, kwa sababu alikuwa amewafundisha watoto wasiguse. Tulipita chumba cha pili na cha kwanza, mabwana na mawigi yao. Katekista alikuwa mbele, msichana nyuma yake, mimi mwisho. Na kila baada ya hatua tatu au nne aligeuka, akasimama kabisa, akahakikisha kwamba anakuja.